Wakala wa kodi ya ardhi mjini Malindi: maelezo mazuri, ada ya kutiliwa shaka

Wakala huyu, ambaye simtaji jina kwa sababu ya malalamiko nitakayoyaeleza, ana kijiofisi katika mtaa wa maduka mjini Malindi, na kazi yake ni kuwasaidia wenye viwanja kufuatilia madeni yao ya kodi ya ardhi. Mimi na ndugu zangu tulimwendea kwa ajili ya kiwanja cha mirathi ambacho hakuna aliyekilipia tangu mzee afariki.

Sifa yake ni ufafanuzi. Aliichukua hati ya madai, akapiga mstari chini ya takwimu tatu, akatutenganishia kodi ya mwaka huu, malimbikizo na adhabu, ambavyo sisi tulikuwa tumevisoma kama deni moja. Kodi hupatikana kwa kuzidisha thamani ya kiwanja iliyomo katika daftari la uthamini kwa kiwango kilichopitishwa na bunge la kaunti. Kiwanja cha shilingi 800,000, kwa mfano, kikitozwa asilimia 1 hudaiwa 8,000 kwa mwaka. Kwa kuwa mtindo uliozoeleka Kenya ni kuthamini ardhi tupu bila majengo, mwenye ghorofa na mwenye nyumba ya makuti hulipa sawa iwapo viwanja vyao vina thamani moja, jambo ambalo halikumfurahisha ndugu yangu wa nyumba ya makuti.

Alitukumbusha pia kwamba kodi hii, ambayo Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 inaziruhusu kaunti kuitoza, si ile ya viwanja vya lizi, yaani vilivyokodishwa na serikali kwa muda maalumu, inayokwenda kwa serikali kuu. Huingia katika mfuko wa kaunti pamoja na mgao wa kitaifa, ikasaidia kugharimia zahanati, masoko, shule za chekechea na uzoaji wa taka. Tulipouliza ni kiasi gani kinachorudi mtaani kwetu, alijibu bila kupamba kwamba fedha hazitengewi mtaa uliolipa, na anayetaka barabara yake itengenezwe ahudhurie vikao vya maoni kuhusu bajeti.

Kasoro ni ada. Hutoza asilimia ya deni lote, adhabu zikiwemo, kwa hiyo hufaidika zaidi kadiri mteja alivyochelewa. Wala hakututajia kwamba kaunti huweza kuwasamehe adhabu wanaomaliza malimbikizo. Alitaka pia tumkabidhi fedha taslimu akalipe yeye. Tulikataa, tukalipa wenyewe kwa simu, maana malipo yasipoonekana kwenye rekodi hupewi cheti cha kutodaiwa, na bila cheti hicho kiwanja hakihamishwi jina. Anayekwenda kwake na akubaliane naye ada maalumu ya ushauri kabla ya kumfungulia bahasha.