Miwani ya leza ya bluu: ya bure iliyokuja na mashine dhidi ya niliyonunua mwenyewe

Wakuu, nina mashine ya kuchonga kwa leza, ile ya dayodi ya bluu wati 10, nafanyia vibao vya majina na zawadi za harusi. Hapa naongelea miwani tu, maana naona watu wanauliza sana bei ya mashine na hakuna anayeuliza macho.

Wengi wakisikia leza inaharibu macho wanawaza mwali wenyewe ukupige usoni. Kwenye hizi mashine mwali unaangalia chini muda wote, kinachokumaliza taratibu ni kile kidoa cha bluu kwenye mbao, mwanga unagonga mbao unatawanyika kila upande na wewe umekaa hapo unautazama kazi nzima. Leza hupangwa kwa madaraja ya hatari, yoyote inayozidi nusu wati ni daraja la 4, la juu kabisa, na daraja la 4 hata mwanga uliotawanyika tu unahesabiwa unaweza kuumiza jicho.

Nimepiga hesabu: wati 10, tuseme mbao inarudisha nusu, ukikaa nusu mita kutoka kwenye kidoa mboni ikiwa wazi mm 7 inapokea kama robo ya miliwati. Ukipitisha jicho mara moja hapo hamna neno. Ila mwanga wa bluu madhara yake kwenye retina yanajumlishana kadri unavyozidi kukodoa, kwa kiwango hicho unavuka mpaka wa usalama ndani ya sekunde 15 au 20, na kibao kimoja kinaweza kuchukua nusu saa! Halafu kuna ile tabia ya kuinama mpaka sm 10 kuangalia kama mkato umepita au bado, hapo inakuwa mara 25, yaani miliwati 6 hivi ndani ya jicho, wakati kalamu ya leza ya daraja la 2, ile ambayo kupepesa macho kunatosha kukukinga, mwisho wake ni miliwati 1. Na retina haina mishipa ya maumivu, kwahiyo usisubiri jicho liume ndo ujue.

Sasa miwani. Ya bure ni plastiki ya kijani, nimeigeuza pande zote haina namba hata moja, haisemi inazuia nanomita ngapi (urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaotofautisha leza moja na nyingine) wala kwa kiasi gani. Nikaweka simu ionyeshe rangi ya bluu tupu skrini nzima nikaiangalia kupitia ile miwani, bluu naiona vizuri kabisa. Miwani ya kukinga leza ya bluu inayoruhusu bluu ipite, ya kazi gani jamani? Nimeiweka pembeni haitumiki na mtu.

Niliyonunua ni ya rangi ya chungwa, ilinitoka karibu laki moja na nusu na usafirishaji. Kwenye kioo pamechapwa masafa ya nanomita inayozuia, 450 ya mashine yangu imo ndani, kuna alama ya EN 207, kiwango cha Ulaya cha miwani ya leza, na LB5, maana yake kwa leza ya aina hiyo inapitisha sehemu moja kati ya laki moja au pungufu. Skrini ileile ya bluu nikaitazama tena, giza. Noti ya elfu moja, na ile bluu yake yote, inakuwa kijivu. Ila muelewe, hiki kipimo cha simu kinakuonyesha miwani mbovu tu, hakithibitishi nzuri, nzuri inathibitishwa na maandishi yake.

Kazini kidoa cha bluu hukioni tena, unaona kamwanga ka njano pale mbao inapoungua na moshi, na hako kanatosha kujua kazi inaenda. Macho hayachoki jioni kama nilivyozoea. Imefunika pembeni vizuri, hilo muhimu maana mwanga uliotawanyika unaingia hata ubavuni. Nisichopenda: chumba kinakuwa giza kiasi, nimeongeza taa, na rangi zinachanganya, usichague rangi ya mteja ukiwa umeivaa. Wanaovaa miwani ya macho watafute ile pana ya kuvaa juu yake, hii haiingii.

Nimeagiza ya pili kwa ajili ya wateja, kwasababu mteja akija anataka aone jina lake linavyochongwa na wengi wanakuja na watoto. Asiye na miwani nampa simu aangalie kupitia kamera, kwenye skrini hakuna leza inayofika machoni, mradi asichungulie kidoa chenyewe pembeni ya simu, japo kamera yenyewe inaweza kudhurika ukiisogeza karibu.

Mafundi simu mnaotoa glasi ya nyuma ya iPhone kwa leza ya faiba, hii msinunue. Yenu ni nanomita 1064, haionekani kwa macho kabisa na inafika kwenye retina vilevile, tafuteni iliyoandikwa 1064. Wenye leza za CO2 nao wana yao, 10600.