Programu ya redio ya mtandaoni: kabla hujalipia, omba uone ripoti ya jana

Mwaka jana nililipia kifurushi cha redio ya mtandaoni, miezi 12 kwa mkupuo, shilingi 420,000, kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba kina "ripoti kamili ya nyimbo kwa ajili ya mirabaha", yaani malipo ya wasanii na watunzi nyimbo zao zinapopigwa. Kituo chetu kidogo kiko Sinza; tunapiga taarab, dansi na Bongo Fleva. Miezi mitatu ilipotimia nikaifungua hiyo ripoti. Jumamosi, saa mbili usiku mpaka saa nne, kipindi cha taarab: mstari mmoja tu, umeandikwa "LIVE". Tulipiga nyimbo 17 usiku ule. Nikashuka chini, nikakuta "Track 03". Chini yake, mahali pa jina la msanii, limekaa jina la tovuti ambako wimbo ulipakuliwa. Nilikaa nayo muda mrefu ile karatasi. Kwa ripoti ya namna hiyo hakuna msanii hata mmoja anayeweza kulipwa kwa haki.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ubora wa sauti wala idadi ya wasikilizaji. Hayo muuzaji atakwambia hata hujamuuliza. Ninachoangalia mimi ni kimoja: taarifa za wimbo zinatoka wapi, na zinaishia wapi.

Strimu nyingi za MP3, yaani sauti inayorushwa mfululizo mtandaoni, mpaka leo zinafuata utaratibu ulioletwa na programu ya kurushia redio ya SHOUTcast mwishoni mwa miaka ya 1990. Katikati ya sauti, kila baada ya baiti kadhaa (kwenye Icecast, programu nyingine ya kurushia, kwa kawaida 16,000), kinachomekwa kipande kidogo kiitwacho StreamTitle. Ndani yake mna mstari mmoja: msanii, kistari, jina la wimbo. Mtunzi hana nafasi humo. Lebo, kampuni iliyotoa rekodi, haina. ISRC, ule utambulisho wa rekodi wenye herufi na tarakimu 12, nao hauna. Kwa msikilizaji anayetazama simu yake kwenye daladala, inatosha. Kwa mirabaha haitoshi hata kidogo, maana Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya 1999 inamtambua mtunzi kwa haki yake na mwimbaji kwa haki yake. Chukua taarab: aliyeandika mashairi, aliyetia muziki na aliyeimba mara nyingi ni watu watatu. Chukua dansi: wanaandika "Mlimani Park Orchestra", basi, mtunzi keshapotea. Ripoti inayochotwa kwenye strimu itakuwa pungufu hata ukiilipia mamilioni. Inatakiwa itoke kwenye hifadhidata ya programu inayopiga nyimbo zenyewe.

Namba moja kwangu ni AzuraCast, programu ya kuendesha kituo kizima kwenye seva, na sifichi kwamba naipenda. Programu ni bure, unalipia seva tu. Kila wimbo una nafasi ya ISRC, na unaruhusiwa kuongeza nafasi zako mwenyewe. Mimi nimeongeza "mashairi" na "muziki". Maktaba nzima unaitoa kama jedwali la CSV, unajaza mapengo ukiwa umetulia, unairudisha. Ina pia ripoti iliyopangwa kwa mtindo wa SoundExchange, shirika linalokusanya mirabaha Marekani. Fomu hiyo si ya kwetu, lakini inakulazimisha kuwa na taarifa ambazo popote utaulizwa. Jambo moja usilisahau: kuna mpangilio wa muda wa kutunza historia. Uweke isifutwe kamwe, siku ileile unayoisakinisha programu.

Kwenye vipindi vya moja kwa moja, pale nilipoumizwa, mpe mtangazaji Mixxx, programu ya kupigia nyimbo kama DJ. Nayo ni bure, na inatuma jina la kila wimbo unaoanza. BUTT, programu ya kurusha sauti ya studio kwenda kwenye strimu, ni nyepesi na inafaa sana kwa mazungumzo, ila yenyewe inachukua sauti tu; haijui wimbo gani unapigwa mpaka uielekeze kwenye faili lenye majina.

Namba mbili ni RadioDJ, programu ya kupanga na kupiga nyimbo za kituo, ya Windows, bure pia. Kwa haki ya Mungu, kwenye hoja hii moja inaishinda AzuraCast: wimbo ukipigwa, historia yake inanakili msanii, mtunzi, lebo na ISRC papo hapo. Ila inaishi kwenye kompyuta ya studio. Umeme ukikatika na UPS ikaisha chaji, kituo kimenyamaza.

Live365, huduma ya Marekani ya kurushia redio mtandaoni, wanakuwekea na leseni za muziki ndani ya bei, lakini leseni hizo ni za Marekani na nchi nyingine chache. Za Tanzania utabaki nazo mwenyewe, na umelipa kwa dola.

Vifurushi vya elfu kumi kwa mwezi, pita.

Sasa wauzaji. Nilipotaka kuhama nikaomba historia yangu yote, ghafi, kama ilivyo. Nikaambiwa hiyo ni huduma ya ziada, laki moja na nusu. Kumbukumbu za kituo changu, nyimbo nilizopiga mimi! Muulize mtu hilo kabla hujatoa pesa, akujibu kwa maandishi. Na anayekuuzia Kariakoo flashi yenye nyimbo 5,000, mwambie aifungue kwanza. Nyingi nilizonunua zilikuwa na tagi (taarifa za wimbo zinazokaa ndani ya faili) za mtindo wa zamani wa ID3v1, ambazo nafasi ya jina la wimbo inabeba herufi 30 tu. Msanii akishirikisha wenzake wawili, wa pili anakatwa katikati ya jina lake. Nilikuta "feat." halafu herufi tatu, basi.

Mimi na dada yangu tunajaza maktaba yetu kwa mkono, nyimbo 30 kila usiku baada ya kipindi. Za zamani tunawapigia wazee wa bendi kuuliza nani alitunga. Tumefika herufi M.