Niliagiza nyekundu, nikaletewa chungwa

Nyota mbili, na ya pili ni ya huruma.

Niliagiza oksidi ya itriamu iliyotiwa yuropiamu (zote mbili ni metali), ule unga unaozipa taa za tyubu wekundu wake. Kikopo kilikuja na lebo sahihi kabisa. Nikaumulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 254: chungwa, tena chungwa la wazi. Nikaupeleka kwenye spektromita, chombo kinachopima rangi zilizomo kwenye mwanga. Mstari wa nanomita 593, ule wa chungwa, umesimama kuliko yote; wa 611, ule mwekundu, umejikunyata pembeni.

Nikamtumia muuzaji grafu. Jibu lake: "Kaka, nyekundu ni nyekundu tu, labda simu yako kamera mbovu." Simu! Nimekutumia grafu ya spektromita, wewe unanitajia simu? Nilipomweleza tena, akanijibu kwa kidole gumba. Basi.

Ninyi mnaouza vitu hivi, sikieni. Yuropiamu ikitoa mwanga karibu na 590, hiyo ni kazi ya dipoli ya sumaku, yaani mtikisiko wa kisumaku, na nguvu yake haibadiliki sana hata ukiihamisha ayoni (atomi yenye chaji) ya yuropiamu kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Mstari wa karibu na 611 ni wa dipoli ya umeme, yaani mtikisiko wa chaji, na huo una madeko. Ayoni ikikaa mahali ambapo kila jirani ana pacha wake upande wa pili, mstari unazimika. Ulinganifu ukivurugika, unawaka. Hesabu zake wanafizikia Judd na Ofelt walizitoa 1962, kila mmoja kivyake. Katika oksidi ya itriamu, nafasi tatu kati ya nne hazina ulinganifu huo, ndiyo maana nyekundu yake ni nyekundu kweli. Nilicholetewa mimi si oksidi. Nahisi ni borati, yaani kampaundi ya boroni na oksijeni, ndugu wa ule unga uliofanya televisheni za plazma zilaumiwe kwa wekundu wenye uchungwa.

Ila niseme kweli, juzijuzi niliwaonyesha wanafunzi, wakashangaa. Mwanga wa atomi tunaouona karibu wote ni wa dipoli ya umeme. Hapa wanaiona ya sumaku kwa macho, bila darubini wala nini. Kwa somo hilo hata oksidi niliyoagiza isingefaa hivi. Unga wenyewe ungestahili nyota nne.

Lakini lebo ni ya uongo, na kile kidole gumba bado kinaniwasha. Nimeshusha hadi mbili. Hela yangu airudishe, na unga simrudishii.