Taa nyekundu wanaiona, mimi naambiwa nizime niwashe

Nina steshenari ndogo Tabata, natumia intaneti ya faiba, ule waya mwembamba unaopitisha mwanga, ya kampuni ambayo sitaitaja. Kasi na bei mtazikuta kwenye vipeperushi vyao. Mimi nasemea taa moja tu ya ruta, ile iliyoandikwa LOS, yaani mwanga umepotea.

Juzijuzi ilianza kumweka nyekundu, tena jioni, duka limejaa vijana wanaoomba mkopo wa chuo. Napiga huduma kwa wateja: "Dada, zima, hesabu mpaka 30, washa." Nyekundu. Napiga tena, wimbo uleule. Siku ya tatu kaka mmoja akanikatisha kwa ukali kwamba ni mkongo wa intaneti wa baharini ndio wenye shida, nitulie kama wenzangu.

Nitulie! Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika nilikuwa hapahapa dukani. Kurasa hazikufunguka, lakini LOS ilikuwa imezimika na taa ya PON, ile ya kuonyesha ruta imeungana na mtambo wao, imetulia kijani, maana mwanga wa kutoka kwao kuja kwangu ulikuwa unafika. LOS ikiwa nyekundu mwanga haufiki. Shida iko kati ya mtambo wao na ukuta wangu, bahari haihusiki.

Nikaapa nahama. Ndipo akaja fundi wao, kijana mpole. Akachomoa waya wa faiba, akachomeka kipimo cha nguvu ya mwanga: hasi 31. "Mama, ikishuka chini ya hasi 27 hiki kifaa hakioni kitu." Akaufuata waya mpaka nguzo ya pale kwa kinyozi. Mtu alikuwa amefungia bango la matangazo kwa waya wangu, kaukunja na kuukaza kama kamba ya katani! Fundi akakata kipande kile, akaunga upya. Hasi 19. Vijana wakaanza kutuma maombi yao hata hajafunga begi. Huyu nampa nyota 5, na kampuni nikasema basi, nyota 3, yaishe.

Kisha nikamuuliza mbona ofisini hawakuliona hili. Akajibu taratibu, "Wanaliona, Mama. Mteja akipotea, mtambo unaonyesha."

Wanaliona! Siku zote zile wateja wangu wanahamia duka la jirani, mimi nahesabu mpaka 30, na wao taarifa wanayo kwenye skrini! Zile nyota 3 nazirudisha, chukueni 1. Kuhama sihami kwa sasa, kwa ajili ya yule fundi tu. Ila siku nilizokaa bila mtandao nimezilipia, na mpaka naandika hapa hakuna aliyenipigia kuzifidia.