Hili jiwe la madini kondoo wako asililambe kabla hujaona nyuma yake

Wafugaji wenzangu wa Mtwara na Lindi habari zenu, karibuni tena. Leo ninalo hili jiwe la kulamba linalouzwa sana huku Masasi, kilo 2, elfu nane dukani, chumvi, kalsiamu na fosforasi zimo, hayo mnayajua, siwamalizii bando. Mimi ugomvi wangu ni kitu kimoja, kamera sogea hapa.

Mbele wamechora ng'ombe, mbuzi na kondoo, si mnaona? Sasa geuza. Haya maandishi madogo, ngoja nifute vumbi, haya, hapa wameandika Cu. Hiyo ndo kopa, madini ya shaba. Miligramu 1,500 kwa kilo! Piga hesabu na mimi, kondoo akilamba gramu 10 kwa siku kashaingiza miligramu 15, na majani nayo yana kopa yake. Ulaya sheria yao chakula cha kondoo kisizidi miligramu 15 kwa kilo, na kondoo mdogo wa kwetu kwa siku anakula kama kilo moja tu ya chakula kikavu, yaani jiwe peke yake limeshajaza.

Ng'ombe anahimili, mbuzi naye ana nafuu, lakini kondoo ini lake linaitunza kopa, miezi inapita unamwona mzima kabisa, siku akipata msukosuko, labda safari au njaa, ini linaimwaga kwenye damu. Macho na fizi njano, mkojo mwekundu mpaka unakaribia weusi, anakufa ndani ya siku chache na watu wanasema ni kupe!

Inaniuma maana jiwe lenyewe gumu, mvua haiyeyushi ovyo, tundu la kamba limekaa vizuri, ingekuwa ng'ombe peke yao ningesema nunueni leo. Lile jekundu mnaloliulizia kwenye komenti linakuja video ijayo. Na nyie mnaosema chumvi ya Lindi inatosha, jamani ile ni chumvi tu, nzuri wapeni, ila jike mwenye mimba fosforasi na seleniamu haipati humo.

Dukani ombeni lililoandikwa kondoo peke yake, lisiloongezwa kopa, na geuza usome mwenyewe hata muuzaji akikuapia. Mnaochanganya zizi, la ng'ombe litundikeni juu kondoo asifikie. Hapa Masasi la kondoo nimelipata elfu kumi na mbili, wa Nachingwea na Newala niandikieni bei zenu, Jumamosi nazisoma kwenye laivu.