Kabla hujanunua gari la spoti, vuta kwanza usukani

Nianze na bega langu la kulia, maana bila hilo bega haya nisingeyaandika. Mwaka juzi nilinunua gari la spoti la milango miwili, "kupe" kama fundi wangu anavyotamka, na mi nilikuwa namcheka kwamba kupe ni yule wa ng'ombe bana, mpaka lilipoanza kuninyonya na mimi. Jina la gari sitaji, waliolitengeneza sina ugomvi nao. Yadi niliyonunulia kule Dar siitaji pia, ingawa wale ugomvi ninao.

Lilikuwa jekundu. Nililiangalia kwenye simu wiki tatu kila usiku kabla ya kulala, nikawa najua mpaka mkwaruzo wake wa bampa ya nyuma. Siku ya kulichukua nimelipa, nimepewa kadi, nimewasha, ekzozi inanguruma, nikasema Mungu ni mwema. Dar mpaka Morogoro nilikuwa naimba. Baada ya Dumila nikaanza kujisogeza kwenye kiti, mara mbele mara nyuma. Kufika Gairo bega linawaka moto, nikapaki pembeni kwa wauza mahindi ya kuchoma nikaingiza mkono chini ya usukani kutafuta kale kamkono ka kulegezea. Nikakapata, nikalegeza, usukani ukapanda, ukashuka. Sawa. Nikavuta uje kwangu. Kimya. Nikavuta tena kwa mikono miwili, muuza mahindi akanisogelea dirishani, "Dada, unaung'oa?"

Haukuwa unavutika. Ulitengenezwa hivyo, juu na chini tu, basi.

Sasa mi nina miguu ya baba yangu, mirefu. Ili klachi niikanyage vizuri bila goti kugonga usukani lazima kiti nikirudishe nyuma, na nikikirudisha nyuma mikono inanyooka kama mtu anasukuma toroli, bega linabanduka kwenye kiti na kwa namna hiyo ndo nimeendesha kilometa kama 450 kuja kwetu Dodoma. Nilivyofika Kisasa nilishindwa kufungua geti, akaja kunifungulia mdogo wangu.

Tangu niihadithie hii habari nimeulizwa sana "dada tuambie basi tununue lipi", na wote, wote kabisa, wanaanza na farasi ngapi, linakimbia ngapi. Mi hayo sitayaandika kwa kirefu na nitawaambia kwanini. Toka hapa Dodoma mpaka Kibaigwa hesabu vibao vya 50. Ihumwa, Buigiri, Chamwino, kila kijiji kina kibao, kina rasta, yale matuta madogomadogo, kina afande na tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe, na ukiwa na gari jekundu la chini ndo wewe wanakusubiri. Kwahiyo ile 250 iliyoandikwa kwenye dashibodi ni pambo kama kalenda ya mwaka jana. Alafu mji wetu uko juu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, ile farasi 200 uliyolipia Japani huku unaendesha kama 180. Hamna mtu wa yadi atakwambia hilo.

Kinachobaki ni ladha. Gari linakuaje ukiwa 50, kwenye kona ya kuingia Ntyuka, au zile kona za Kolo ukishapita Kondoa jioni? Hiyo ladha inaingilia sehemu mbili tu, makalio na viganja, na kama viganja vyako havifiki vizuri kwenye usukani hata ulipe milioni mia hutaisikia. Ndo maana mi siku hizi kitu cha kwanza kwenye gari la spoti naangalia usukani kama unavutika. Watu wananicheka. Wacheke.

Kipimo ni hiki, hakihitaji fundi. Kaa, mgongo na mabega yote yagusane na kiti. Kanyaga klachi mpaka mwisho, goti libaki limekunja kidogo. Sasa nyoosha mkono uweke kifundo cha mkono juu kabisa ya duara la usukani. Kama kifundo kimelala pale na bega halijabanduka, umefika nyumbani. Kama unashika kwa ncha za vidole, shuka, mshukuru kaka, ondoka.

Namba moja kwangu ni Subaru BRZ, yale ya 2012 mpaka 2020. Nasema wazi kabisa mi ni mtu wa Subaru, msije mkasema sikuwaambia. Subaru kwa Kijapani ni jina la zile nyota ambazo sisi tunaziita Kilimia, ziangalie kwenye nembo pale mbele, sita, moja kubwa. Bibi yangu Mpwapwa akiiona Kilimia inachomoza jioni mwezi wa 11 alikuwa hatulii, anatafuta jembe liko wapi. Kwahiyo hilo gari lina jina la kwetu, na sitaki ubishi.

Lakini sio nembo tu. Usukani wa BRZ unapanda, unashuka NA UNAVUTIKA. Nilikalia la jamaa mmoja pale Area D, nikalegeza, nikavuta, ukaja taratibu mpaka kifuani kama mtoto anakuja kupakatwa, kidogo nilie. Kiti kiko chini, miguu inanyooka mbele, mikono imekunja kiwikoni. Injini yake ni ile ya silinda zilizolala, mbili kushoto mbili kulia, kwahiyo uzito uko chini na gari kwenye kona halipepesuki. Na kuna kitu hicho wanaume wa vijiweni wanakidharau ila mi ndo kinanimaliza: tairi zilizotoka nazo kiwandani ni nyembamba, upana milimita 215, aina ileile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius. Walifanya makusudi, ili gari lianze kucheza na kukuongelesha mapema, bado uko kwenye mwendo wa binadamu. Sasa kijana wa Dodoma analinunua kitu cha kwanza anafunga tairi pana za 245, anaua kila kitu, alafu anakuja kusema gari halina raha.

Mapungufu linayo. Injini ikizunguka mara 4000 hivi kwa dakika nguvu inazama kidogo, unakanyaga na linakuwa kama linafikiria, kisha linaamka. Viti vya nyuma ni vya pochi na mkate. Na yale ya mwanzo ya 2012 na 2013 yaliitwa kurudi kurekebishwa mwaka 2018 kwa ajili ya springi za valvu za injini, uliza kama ilifanyika, ukijibiwa "hayo mambo ya Wazungu" kimbia. Toyota 86 ni ndugu yake wa tumbo moja, limetoka kiwanda kilekile cha Subaru, ukilipata hilo kwa bei nzuri chukua tu, mi nitakusamehe nembo. Chukua ya gia za mkono. Oto ipo, haina shida, ila ukitaka oto nunua Toyota Crown ulale.

Namba mbili ni Mazda Roadster, na hapa ndo nataka mtu asome kwa makini. Ni gari dogo lepesi, karibu tani moja tu, lile la sasa lilitoka 2015 na Japani linakuja na injini ya cc 1500 kama sio lile la paa gumu linalojikunja, lenye 2000. Kwa ladha ya mwendo wa 50 sijui kama kuna gari linalolishinda, hata BRZ ninayoipigia debe, nakiri kwa shingo upande. Tatizo, usukani. Walipolitoa haukuwa unavutika, mpaka mwaka 2018 katikati ndo wakasikia kilio cha warefu wakauweka. Mwaka mmoja unabadilisha gari lote! Kwenye tangazo huwezi kuona, picha ni zilezile, rangi ileile, muuzaji mwenyewe hajui, anasema "yote ni sawa dada". Sio sawa. Nenda na mkono wako. La pili ni paa la turubai na upepo wetu huu, mwezi wa 8 na wa 9 vumbi la Dodoma linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, ukifungua paa saa saba mchana utashuka kama umechimba kisima. Jioni sawa, ukielekea Iyumbu jua linazama, hapo utasahau madeni.

Namba tatu Nissan Fairlady Z. Lizuri, halina mjadala, na sauti yake naipenda kuliko ya Subaru wangu. Ukilegeza usukani wa Z33, lile lililotoka 2002, mita za dashibodi zinapanda na kushuka pamoja nao, kitu cha kishua kweli. Ila kuvuta hamna, na lililofuata, Z34, hadithi ileile. Jamani mtu kabuni mpaka mita zitembee na usukani, akashindwa kuuvuta uje kwa mwenye nalo? Kama wewe ni mfupi hili linaweza kuwa ndo gari lako na hii makala nzima haikuhusu. Kumbuka tu injini ya Z33 ni cc 3498, na kwa TRA, watu wa kodi, ukivuka cc 2000 ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 kwenda 10, wakati BRZ anapita na 1998 zake chini ya mstari kama mbuzi chini ya ua.

Honda S2000 naliweka la nne kwa heshima. Injini yake matoleo ya kwanza inazunguka mpaka 9000, unasikia kama cherehani iliyookoka. Usukani wake haupandi, haushuki, hauvutiki, umechomekwa pale kama nguzo ya umeme. Waliacha kulitengeneza 2009 na bei sasa hivi ni ya wenye nacho.

Za bei ndogo: Altezza ya gia za mkono ni gari zuri, tafuta ambayo vijana hawajaikata springi, bahati njema. Mazda RX-8 ni tamu sana barabarani ila injini yake haina pistoni, ina rota, na inakunywa oili kwa jinsi ilivyoundwa, sasa niambie fundi wa Chang'ombe atakayeifungua. Mark X sio gari la spoti, mnisamehe.

Mtaniuliza si ubadilishe usukani tu. Nilijaribu kuuliza. Fundi akaniambia anaweza kufunga kipande cha kuusogeza na usukani mwingine wa dukani, mzuri, mdogo, una suwedi. Nikamuuliza na ea-begi? Akasema hiyo itabidi tuitoe, ila dada wewe si unaendesha vizuri. Nikachukua funguo zangu.

Na sasa watu wa yadi. Hivi kwanini tangazo lina picha 14, nne za rimu, tatu za ekzozi, moja ya mtu kaegemea boneti, na hamna hata moja ya kiti cha dereva? Unapiga simu unauliza usukani unavutika, unajibiwa "namba E hiyo dada, haijaguswa". Unaenda, unataka ulikalie, wanakwambia usiwashe. Kuendesha ndo kabisa, weka hela kwanza. Mimi hela yangu nilipokuwa nahesabu pale alikuja mwingine akaniuliza shemeji yuko wapi aje aliangalie, nikamwambia shemeji yako ni huyu hapa kwenye bahasha. Alafu wakisikia unatokea Dodoma bei inapanda milioni mbili hapohapo, wanadhani kila anayeishi huku ana ofisi ya serikali kule Mtumba na posho za safari. Ukiamua kuagiza mwenyewe Japani napo hujapona, gari la spoti zuri kwa hela yetu ni lenye umri, likifika miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru, na VAT asilimia 18 inakaa juu ya yote hayo. Kabla hujatuma hata senti ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka aina na mwaka, kaa chini ndo usome jibu.

Langu nililiuza mwezi wa 3, kwa hasara ambayo mama yangu hajaambiwa. Mnunuzi ni kijana wa Kongwa, mfupi, mcheshi, alikaa mara moja akasema "hili nimeshonewa". Wiki iliyopita kanipita Ihumwa mi nikiwa kwenye daladala, kioo kimeshushwa, kiwiko kimekunja vizuri, bega limelala kabisa kwenye kiti. Akanipigia honi.