Mtori wa Kisongo kwa wanaojiandaa kuwa marubani

Kando ya barabara iendayo Dodoma, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Arusha ulioko Kisongo, upo mgahawa mdogo ambao alfajiri hujaa madereva wa watalii, wapakia mizigo na vijana wanaosomea urubani. Tathmini hii inawalenga hao vijana, kwa kuwa ladha na bei pekee haviwatoshi katika kuchagua chakula: rubani wa biashara haruhusiwi kuruka bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa kawaida hudumu miezi 12, na miongoni mwa mambo ambayo daktari huyaangalia ni shinikizo la damu na sukari kwenye mkojo.

Kwa kigezo hicho, mtori wa hapa unastahili sifa. Hupikwa kwa ndizi mshare na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa mpaka ikalainika, hauna mafuta mengi, na humshibisha mtu kwa saa kadhaa bila kumlemea. Jambo hili si dogo, kwani anayepanda ndegeni na tumbo tupu anaweza kupungukiwa na sukari mwilini, mikono ikaanza kutetemeka na umakini ukapungua wakati ambapo anauhitaji zaidi. Chapati zinazouzwa pamoja na mtori, kwa bahati mbaya, zimelowa mafuta kupita kiasi.

Kiporo cha makande, ambacho mpishi hukipasha moto kwa ustadi na kukiunga kwa nazi, ndicho kitamu kuliko vyote, lakini anayeruka asubuhi hiyo akiache. Ndege aina ya Cessna Caravan, zinazoonekana sana Kisongo zikielekea Serengeti, hazina mfumo wa kudhibiti shinikizo la hewa ndani. Zikipanda kutoka mita 1,400 hivi za uwanjani hadi mita 3,000, gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa takriban robo, na maharage yenyewe tunayajua. Siku ya darasani, makande ni chakula bora kabisa.

Jagi la maji yaliyochemshwa huwekwa kila meza bila malipo, na kwangu huu ndio utaratibu wenye manufaa makubwa kuliko yote mgahawani. Wapo vijana wanaojinyima maji kwa sababu ndege ndogo hazina choo. Hao hupata uchovu na maumivu ya kichwa angani, na wakiendelea hivyo kwa miaka hujiweka katika hatari ya mawe kwenye figo, ugonjwa unaoweza kumsimamisha rubani kazi. Ni afadhali kunywa kidogo kidogo tangu kuamka na kwenda msalani kabla ya kuondoka.

Kasoro zipo. Supu ina chumvi nyingi, na mteja asiyeomba ipunguzwe haulizwi. Jokofu limepangwa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu mbele kabisa, kana kwamba usingizi wa usiku unaweza kununuliwa kwenye kopo, ilhali matunda hayapatikani katika mkoa uliojaa maparachichi na ndizi mbivu. Jioni huuzwa mbege pia. Mwanafunzi akumbuke kwamba kanuni za nchi nyingi hutaka zipite angalau saa 8 kati ya kileo na safari, na kwamba muda huo ni wa chini tu, kwani uchovu wa pombe huweza kudumu zaidi.

Usafi ni wa kuridhisha, na maji ya kunawa na sabuni yapo mlangoni. Hata hivyo, mwalimu na mwanafunzi wanaoruka pamoja waagize vyakula tofauti, kama mashirika mengi ya ndege yanavyowataka marubani wawili wa ndege moja wafanye, ili chakula kikiwa kibaya kisiwaangushe wote.

Bakuli la mtori ni shilingi 3,000, malipo kwa simu yanakubaliwa, na Jumapili hufungwa. Mtori huisha mapema. Atakayefika baada ya saa 3 asubuhi atakuta chapati na soda.